Chembe za Yasini

Shehnaz nilimjua tangu akiwa mtoto wa kujificha chini ya meza ya duka la vitambaa la mama yake, Dolatkhanu, pale Kahama mjini, akila ubuyu na kupaka rangi kila khanga aliyoishika. Kwa hiyo siku aliposimama mbele yangu amevaa koti jeupe, akaniambia kwamba ugonjwa wa ndugu yangu hauna dawa, sikumwona daktari. Nilimwona yule mtoto wa ubuyu.

"Hauna dawa maana yake nini?" nikamwuliza. "Hapa ni hospitali au ni stendi ya mabasi?"

"Shikamoo, Mama Zamoyoni," akasema.

"Marahaba. Haya, maana yake nini?"

Jina langu ni Kijakazi, ila wanaoniita hivyo wamebaki wachache. Nanunua dhahabu machimboni Mwakitolyo. Mchimbaji ananiletea punje zake kwenye kikaratasi, naweka lenzi jichoni, natazama, ndipo nafungua mdomo. Sijawahi kununua kitu kwa kusimuliwa. Watu wanasema nina maneno makali, na sibishi, lakini jicho langu hakuna aliyewahi kulitoa kasoro.

Yasini ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Mama alipofariki, Yasini hajaanza hata shule, nikamchukua na kumlea pamoja na binti yangu Zamoyoni. Akikosea nilimchapa, akiumwa sikula. Leo ni mwanamume mwenye ndevu, na kazi yake kule machimboni ni kuchoma: mchanga ukishaoshwa na kushikwa na zebaki, yeye huchukua lile donge na kuliweka motoni mpaka zebaki iruke na moshi, ibaki dhahabu. Ni kazi mbaya. Nimemkataza mara nyingi, ananijibu, "Sawa, dada," halafu kesho namkuta anapuliza moto.

Ndiyo maana alipoanguka hatukujiuliza. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kufuata vipuri vya karasha letu la kusagia mawe, akarudi na homa kali, kichwa kinamwuma nyuma ya macho, mifupa inamwuma hata shuka haitaki imguse. Alipimwa malaria, hakuna. Basi machimbo yote yakasema neno moja: zebaki. Kule kwetu mtu aliyevuta moshi wa zebaki hunyweshwa maziwa ili yamsafishe, na Yasini alinyweshwa maziwa mpaka akawa anayatapika. Fizi zikaanza kutoa damu. Tukasema, si mmeona? Zebaki hiyo, inashuka kwenye meno. Nilikuwa wa kwanza kusema, tena kwa sauti. Nilipoona vidoadoa vyekundu vimemjaa miguuni, ndipo nikamtia kwenye gari na kumleta Kahama.

Shehnaz alimtazama fizi, akamkagua miguu, akamuuliza swali moja ambalo sisi hatukumuuliza.

"Kabla ya kuumwa ulikuwa wapi?"

"Dar," Yasini akajibu.

Akachukuliwa damu. Majibu yalipotoka, haikuwa zebaki. Ilikuwa dengue, homa ya mbu yule anayeuma mchana, na Yasini aliibeba mwilini kutoka Dar bila kujua, pamoja na vipuri vyetu.

"Dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo," Shehnaz akanieleza. "Kazi yetu ni kumpa maji, kumlinda na dawa za maumivu zinazochochea damu kutoka, na kumpima. Kila asubuhi tutapima chembe sahani."

"Ndiyo nini hizo?"

"Ni chembe ndogo kabisa zilizo ndani ya damu. Ukijikata, zenyewe ndizo zinakimbilia pale kwenye jeraha, zinashikana, zinaziba. Dengue inazipunguza. Mtu mwenye afya, kwenye tone dogo kama kichwa cha pini, anazo kuanzia laki moja na nusu. Yasini anazo elfu themanini."

Nikamtazama kama tunavyomtazama mtu anayeleta shaba akisema ni dhahabu. Laki moja na nusu kwenye kichwa cha pini! Nani kazihesabu?

"Mashine," akasema.

"Nimeshaona mizani nyingi za uongo maishani mwangu," nikamjibu.

Basi tukakaa. Yasini alitundikiwa dripu, mimi nikawa namnywesha uji mwembamba na maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, huku nikimgombeza kila akigeuza uso. Asubuhi ikifika, Zipora wa maabara anakuja na kibomba chake. Zipora ni Msukuma wa Shinyanga vijijini, mpole, anasalimia hata kama umemnunia. "Mwangaluka, Mayu," ananiambia, yaani umeamkaje, mama, nami namwitikia nikiwa nakodolea sindano. Mchana majibu yanakuja, na kila yanapokuja namba imeshuka. Elfu themanini ikawa hamsini na kitu. Ikawa thelathini na mbili.

Halafu asubuhi moja nikamgusa Yasini paji la uso, nikakuta pamepoa. Homa imekwenda! Amelowa jasho, macho yamefunguka, ananiuliza kama karasha limefungwa vile vipuri. Nilipiga kigelegele mle wodini hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akakaa. Nikampigia simu Mwigulu, msimamizi wa duara letu, kwa maana ya shimo tunalochimba, nikamwambia mwenzenu amepona. Nikamwagiza mtu kuku. Nikaanza kukunja mashuka.

Shehnaz akanikuta nimeshika begi.

"Mama Zamoyoni, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Hujamgusa? Homa imeisha."

"Ndiyo, na kwenye dengue hapa ndipo tunapoogopa," akasema. "Homa inaposhuka, wengine ndipo maji ya damu yanavujia mwilini, chembe zinafika chini kabisa, mtu anatoka damu ndani huku anazungumza na wewe. Majibu ya leo ni elfu ishirini. Tafadhali rudisha mashuka."

Nilikasirika, na sitasema uongo, nilimkasirikia kwa sauti. Nilimwambia mashine yake imeharibika. Nilimwambia mtu anayeuliza habari za karasha si mtu anayekufa. Nikamkumbusha ubuyu. Yeye akasimama tu mikono mfukoni mpaka nikaishiwa maneno, kisha akamwekea Yasini dripu nyingine na kumpima presha mwenyewe, na kila baada ya muda mfupi akawa anarudi. Ile kurudi rudi kwake ndiyo iliyonitia hofu. Mtu hamchungulii mgonjwa aliyepona namna hiyo.

Jioni duara zima likawasili. Mwigulu alikuwa amesikia kwa watu wengine kwamba damu ya Yasini inaisha, akawapakia wachimbaji wote kwenye lori la mawe, wakashuka pale hospitali na vumbi lao, wamekunja mikono ya mashati. "Tumekuja kutolewa damu," akasema. "Kila mtu lita moja, na atakayekataa harudi duarani." Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Shehnaz aliwashukuru mmoja mmoja, akachukua damu kwa wale wachache wenye kundi la Yasini iwe akiba, akawaeleza wengine kwamba kinachopungua si damu yote, ni zile chembe tu. Hospitali ile haikuwa na mashine ya kuzitenga. Na hata ingekuwa nayo, alisema, hawezi kumwongezea mtu kwa sababu ya namba peke yake. Anayeongezewa ni yule anayetoka damu kweli kweli.

Asubuhi yake namba ikawa elfu kumi na tatu.

Mwigulu akaniita nje. Ni mtu mrefu, msema machache, na jambo alilosema nilikuwa nimeshalisema moyoni. Sisi machimboni tuna utaratibu wetu. Ukitaka kujua mwamba unakupeleka wapi, unasaga mawe kidogo, unaosha kwenye karai, unatazama kinachobaki chini. Kikishuka, unaendelea. Kikishuka tena, unaanza kuangalia kamba zako. Kikishuka mara ya tatu hakuna majadiliano, mnatoa vifaa mnahama, kwa sababu aliyeng'ang'ania shimo linaloisha huzikwa nalo.

"Nduhu, Mayu," Mwigulu akasema. "Hamna kitu hapa. Tuhame. Gari ninalo, tumpeleke Mwanza sasa hivi."

"Washa," nikamwambia.

Nilirudi ndani kumvalisha Yasini. Alikuwa dhaifu, midomo imekauka, hata kubisha hakubisha. Shehnaz akaja, na safari hii hakuweka mikono mfukoni.

"Ni haki yako kumhamisha, sitakuzuia," akasema. "Lakini nikueleze ninachokiona. Presha yake imetulia. Haja ndogo anapata. Damu yake haijawa nzito, wala hatoki damu ya kutisha. Akianza kutoka damu nitampeleka Mwanza mimi mwenyewe, na muuguzi pembeni. Ukimwondoa sasa hivi utamkatia dripu na uangalizi wakati anapovihitaji kuliko siku zote, kwenye gari linaloruka ruka. Na asubuhi ya leo Zipora ameona kitu."

"Ameona nini?"

"Chembe kubwa."

"Umeniambia zinaisha. Sasa zimekuwa kubwa?"

Nadhani alikumbuka anaongea na nani. "Mama Zamoyoni," akasema, "wewe huwa huamini mpaka uone. Njoo uone."

Maabara yenyewe chumba kidogo tu, kinanukia spiriti. Zipora alininawisha mikono, akanivika koti lililonibana mabegani, akanichoma kidole. Alilitandaza tone langu kwenye kipande cha kioo, akalipaka rangi, tukasubiri likauke, akalisukuma chini ya hadubini.

"Anza na yako, Mayu, ujue damu ya mtu mwenye afya inafananaje. Kidole usiguse kitu. Jicho tu."

Jicho nililipeleka kwa dharau, kama ninavyolipeleka kwenye kikaratasi cha tapeli. Mwanzoni mwanga mtupu. Nikatulia, nikaacha jicho lizowee. Halafu ikaja.

Ilikuwa ni uwanja mzima, una vitu vya duara vya waridi vimejazana mpaka pembeni, na katikati yao, kila mahali, vipunje vya zambarau vidogo sana, viwili huku, vitano kule, vingine vimekumbatiana. Nimetazama mchanga maisha yangu yote. Naijua ile dhahabu ya unga inayobaki chini ya karai baada ya maji yote kumwagwa, ambayo mtu mwenye haraka haioni. Vipunje vile vilikuwa hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba hivi havikuchimbwa na mtu, vilikuwa ndani ya kidole changu.

"Hizo ndizo?" Sauti yangu ilikuwa imeshuka yenyewe.

"Ndizo," Zipora akasema. "Kila moja haimalizi siku kumi, inakufa, nyingine inazaliwa. Zinatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Hata sasa hivi ulivyosimama, zinatengenezwa."

"Subhanallah." Nilikuwa na umri huu wote. Nimejikata na visu, nimezaa, nimechubuka na mawe, na kila mara damu ilikata nikaenda zangu bila kuuliza nani kaikata. Nikaona haya, kama mtu aliyegundua kwamba kuna jirani anamfagilia uwanja kila alfajiri na hajawahi hata kumwamkia.

"Sasa ya Yasini," Shehnaz akasema.

Kioo kikabadilishwa. Vile vya waridi vilikuwepo. Kati yao palikuwa peupe. Zipora akawa anasogeza kioo polepole, nami natafuta, natafuta. Uwanja mtupu. Mwingine mtupu. Nikakaona kamoja, kadogo, pembeni. Hapo ndipo niliposadiki kwa mara ya kwanza kwamba ndugu yangu anaweza kufa. Mashine ilikuwa imeniambia, daktari ameniambia, nikabisha. Ule weupe sikuweza kubishana nao.

"Endelea kutazama," Zipora akasema.

Akasogeza tena, na hapo ikaingia. Ilikuwa ya zambarau kama zile ndogo, lakini kubwa, karibu ilingane na vile vya waridi, imenenepa, kingo zake hazijanyooka. Nikashusha pumzi. Akasogeza, nyingine. Akasogeza sana, ya tatu.

"Chembe ikiwa kubwa hivyo aghalabu ni changa," Shehnaz akaniambia sikioni, taratibu. "Imetoka sasa hivi kwenye uboho. Kwenye kioo cha jana hatukuziona. Mashine inahesabu zilizopo, Mama Zamoyoni, na zilizopo ni chache kweli. Lakini hizi zinatuonyesha kwamba mifupa yake imeanza kazi."

"Kwa hiyo anapona?"

"Sikuahidi. Naona dalili, na dalili naiamini. Namba inaweza kushuka tena kidogo kabla ya kupanda."

Nilibaki nimeinama pale, jicho kwenye kioo, mpaka Zipora akakohoa. Ninavyojua mimi, shimo linalokwisha halitoi punje kubwa mpya. Yasini amelala kule wodini hata kijiko hawezi kushika, na ndani ya mifupa yake, gizani, pasipo mtu kumwamuru, kuna kazi inaendelea kwa nguvu namna hii! Nilitamani kupiga magoti na pale sakafuni palikuwa na ndoo ya taka, nikajizuia.

Nje, Mwigulu alikuwa amekaa kwenye usukani, gari linaunguruma.

"Zima gari," nikamwambia.

"Umeambiwa nini tena, Mayu?"

"Sikuambiwa. Nimeona."

Amenijua miaka mingi, na jicho langu analijua. Akazima.

Wangapi walinipigia simu mchana ule kuniuliza kama nina akili timamu, sitaki kuwakumbuka. Na kama kunijaribu, ilipofika alasiri Yasini akaanza kutoka damu puani. Nilimkalisha, nikambana pua kwa vidole vyangu mwenyewe, kichwa amekiinamisha, na damu inapita kwenye vidole. Ndugu yangu nimemwua, nilijiambia, nimemwua kwa kiburi cha kutaka kuona. Shehnaz alikuja mbio. Alipima presha, akamtazama kucha na macho, akamwamuru Zipora aandae ile damu ya akiba, akampigia dereva wa hospitali akae tayari. Hakuniambia niache kubana. Kwa hiyo nikabana, na huku nabana nikawa naziita kimoyomoyo zile kubwa za zambarau, moja moja, kama unavyowaita watoto warudi nyumbani. Njooni. Hapa puani. Njooni mama zangu.

Vidole vilikufa ganzi. Shehnaz akanishika mkono, akauondoa kwa upole. Tukasubiri tone jingine. Halikuja.

Kesho yake asubuhi majibu alileta Zipora mwenyewe, hakutaka kumtuma mtu. Elfu kumi na nne. Elfu moja tu ya kuongezeka, na Shehnaz akanionya kwamba kwa mashine hiyo ni kama imesimama pale pale, nisipige kigelegele. Sikupiga. Ila kwa mara ya kwanza haikuwa imeshuka. Iliyofuata ikawa elfu thelathini na moja. Iliyofuata hapo ikapita sitini, na mimi na Zipora tukashikana mikono katikati ya wodi tukaruka kama wasichana.

Na Yasini? Yasini alikuwa ananuna. Viganja vinamwasha, ngozi imekuwa nyekundu, ambayo Shehnaz alisema ndivyo dengue inavyoaga, uji haumpendezi, magoti hayana nguvu.

"Wewe unarukaruka," akanilalamikia, "mimi najisikia hovyo kuliko siku homa ilipokuwa kali."

"Umepona," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Mifupa yako."

Akanigeuzia ukuta. Nikamwacha anune, na ile kununa kwake nikaiona tamu.

Siku ya kuondoka muuguzi alikuja kumchomoa sindano ya dripu. Alipoichomoa tu akaitwa kitanda kingine, akanipa pamba, akasema, "Bana hapo, mama, narudi." Nikabana. Yasini anaongea na Mwigulu habari za karasha, mimi nimekazana na ule mkono, nimeogopa hata kupumua. Chini ya kidole changu kulikuwa na tundu la kweli, linaloingia kwenye mshipa wa ndugu yangu.

Muuguzi hakurudi. Mwishowe nikainua pamba.

Damu ikachungulia, nyekundu, tone dogo kama kichwa cha pini. Ikakaa pale. Nikaitazama, nayo haikukua, haikutiririka. Ikaanza kuwa nyeusi pembeni, ikaganda mbele ya macho yangu, hakuna aliyeigusa.

"Dada, unalilia nini?" Yasini akauliza. "Si kitundu cha sindano tu?"

Nilikuwa nimeushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, na nikazisalimia zile chembe, kwa sauti, mbele ya Mwigulu na wodi nzima.